Kipimo Kilekile

(Mazungumzo ya ibada redioni. Masomo: Luka 1:1–4, Matendo 17:10–12)

Tunawakumbuka hasa walio vitandani hospitalini, na walinzi wanaomaliza zamu ya usiku saa hii, na akina mama ambao wamekwisha kuwasha moto jikoni.

Habari ya leo ilianza na kikombe cha chai. Mama mmoja mjane, mshiriki wa parishi yetu tangu ujana wake, alitujia wiki ya mwisho kabla ya Krismasi akiwa amefadhaika sana. Kijana wake wa pili, fundi wa stima mjini, alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo. Mama akachemsha chai kama ilivyo desturi, ya maziwa mengi, akammiminia. Kijana akasema kwa heshima, "Asante mama, lakini siku hizi sinywi chai." Mama akadhani ni tumbo linamsumbua. Kumbe kijana alikuwa amebatizwa miezi mitatu nyuma katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi huwaita Wamormoni, na kwao chai na kahawa ni marufuku.

"Mchungaji," mama akatuambia, "ningesikia ameingia katika pombe ningejua la kufanya. Lakini amekataa chai yangu kwa ajili ya kitabu. Kitabu hicho ni cha kweli au cha uongo? Mniambie, nijue kama nimfungie mlango."

Hatukumjibu siku ile. Kusema kweli, tulipokuwa chuo cha theologia tulisoma juu ya Wamormoni kurasa chache tu, nazo ziliandikwa na mtu mwenye hasira. Tukamwomba mama atupe muda, na amtume kijana kwetu pamoja na kitabu chake. Akaja Jumamosi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mkononi ana Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili. Tukaketi naye katika ofisi ya parishi tangu saa nne asubuhi hata saa tisa. Tumeona vema kuwaeleza mazungumzo yale, maana tangu hekalu lao la Nairobi lilipowekwa wakfu mwaka 2025 jambo hili si la mbali tena, na wako wazazi wengine wenye swali kama la mama huyu.

Kabla ya kufungua kitabu chochote tulipatana sharti moja, na kijana ndiye aliyelitaka. Akasema, "Mchungaji, swali lolote mtakalokiuliza kitabu changu, nami nitakiuliza chenu." Tukaona ni haki. Katika Mathayo 7 Bwana ametuonya kwamba kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa sisi.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Vermont, Marekani, akakulia katika familia ya wakulima karibu na mji wa Palmyra, jimbo la New York. Alisema kwamba mwaka 1823 malaika aitwaye Moroni alimwonyesha kilima ambamo mabamba ya dhahabu yalikuwa yamefichwa, na kwamba mwaka 1827 alikabidhiwa mabamba hayo, yaliyoandikwa kwa namna fulani ya maandishi ya Kimisri. Akayafasiri kwa uwezo wa Mungu, asema, akitamka maneno huku karani wake, zaidi Oliver Cowdery, akiandika. Mkulima mmoja, Martin Harris, akaweka shamba lake rehani ili gharama ya mpiga chapa ilipwe, na mwaka 1830 nakala 5,000 zikatoka. Mabamba, kwa maelezo yao, yalirudishwa kwa malaika.

Ndani yake mna habari za Lehi na jamaa yake, waliotoka Yerusalemu miaka kama 600 kabla ya Kristo, wakavuka bahari hata Amerika. Wazao wao wakawa mataifa mawili, Wanefi na Walamani. Kristo akawatokea huko baada ya kufufuka kwake. Mwishowe, karibu na mwaka 385 baada ya Kristo, Wanefi wakaangamizwa katika vita vya mwisho kwenye kilima Kumora, na waliouawa upande wao walipita laki mbili.

Angalieni basi, wapendwa, kitabu hiki si mfano kama ule wa Msamaria Mwema, ambao hatuna haja ya kumtafuta mwenye nyumba ya wageni. Kinasema mambo haya yalitokea, mahali fulani, wakati fulani. Hilo twalisifu. Asemaye hivyo amejiweka mwenyewe mbele ya waamuzi, na waamuzi wana ruhusa ya kwenda kutazama.

Nao wamekwenda. Kitabu chataja farasi, magari ya vita, feleji na ngano katika Amerika ya zamani zile, na katika sehemu ya kale zaidi chataja hata tembo. Lakini farasi wa asili wa bara lile walikwisha kutoweka kama miaka 10,000 iliyopita, na waliopo leo ni wazao wa wale walioletwa na Wahispania baada ya safari za Columbus. Wenyeji walipowaona mara ya kwanza walishangaa. Maandishi ya Wamaya yaliyochongwa juu ya mawe siku hizi husomwa na wataalamu. Mna majina ya wafalme, tarehe na vita vyao, wala hamna Kiebrania wala Kimisri. Uchunguzi wa chembe za urithi nao umeonyesha kwamba wenyeji wa Amerika kwa sehemu kubwa ni jamaa ya watu wa Asia ya kaskazini-mashariki. Dibaji ya Kitabu cha Mormoni ilikuwa imeandika kwamba Walamani ndio mababu wakuu wa Wahindi Wekundu. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba maneno hayo yamebadilishwa, sasa wakawa miongoni mwa mababu. Badiliko ni la neno moja au mawili tu, lakini mzigo ulioshushwa ni mkubwa.

Kijana hakunyamaza, wala hakuwa mjinga. Akatuuliza, "Na mashahidi je?" Tukakiri kwamba hapo ana neno. Watu 11 walitia sahihi kwamba waliyaona mabamba. Watatu wa kwanza, Cowdery, Harris na David Whitmer, waligombana na Smith, na kufika mwaka 1838 walikuwa nje ya kanisa lake. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekana ushuhuda wake juu ya kitabu. Mtu aliyekosana na rafiki yake kwa kawaida hutoa siri zake zote. Sisi hatuna jibu jepesi kwa hilo, na wanaolicheka hawajalifikiria.

Akaongeza habari ya Nahomu. Kitabu chasema jamaa ya Lehi walimzika mtu mahali paitwapo hivyo walipokuwa wakipita Uarabuni. Kule Marib, nchi ya Yemen, wachimbuaji wamepata madhabahu za mawe zenye jina la kabila liandikwalo kwa herufi tatu, N, H na M, nazo ni za karne zile zile. Tulimwambia ni jambo la kutafakari. Lakini tukamwuliza: imekuwaje herufi tatu zionekane katika nchi waliyopita njia tu, na katika bara walilokaa miaka elfu moja, wakajenga miji na kuzikana kwa maelfu, lisionekane jina hata moja?

Hapo alitafakari kidogo, akasema, "Hata wakubwa wetu wamejiuliza." Ni kweli. B. H. Roberts, mmoja wa viongozi wao wakuu, aliandika mwaka 1922 uchunguzi mrefu juu ya magumu ya kitabu hiki, usiochapishwa hata mwaka 1985, naye alikufa mwaka 1933 akiwa bado katika imani yake. Twamheshimu mtu wa namna hiyo.

Kulikuwa na hoja moja ambayo tuliiacha mezani. Kitabu cha Mormoni kina sura nyingi za Isaya, karibu neno kwa neno na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Chuoni tulifundishwa kwamba baadhi ya sura hizo ziliandikwa wakati wa uhamisho wa Babeli, baada ya Lehi kuondoka. Lakini twajua kwamba katika makanisa yetu wenyewe wengi hawalikubali fundisho hilo, na si haki kumpiga mtu kwa fimbo ambayo nyumbani tumeigombania. Tulimwonyesha tu jambo la ile Biblia ya 1611, kwamba mtafsiri asomaye mabamba ya kale hangepaswa kuyakuta humo maneno ya Kiingereza ya wakati wa mfalme James. Akajibu kwamba Mungu aweza kusema na watu kwa lugha ya Biblia waliyoizoea. Tukaliacha hapo.

Ndipo akalitoa lile lililokuwa moyoni. Mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni msomaji huagizwa amwombe Mungu amwonyeshe kama mambo hayo ni kweli. "Mchungaji, mimi niliomba. Niliomba usiku peke yangu chumbani, na moyo wangu ukawa na joto ambalo sijapata kulijua hata siku moja kanisani kwenu."

Wapendwa, neno hilo la mwisho lilituchoma. Sisi ni watoto wa Uamsho. Tumewasikia wazee wetu wakisimama na kushuhudia jinsi mioyo yao ilivyotiwa joto, nasi tukaimba pamoja nao. John Wesley, kasisi wa Kianglikana, alisema hivyo hivyo juu ya jioni moja ya mwaka 1738 kule London. Wale wawili wa njia ya Emau walisema mioyo yao iliwaka. Hatuwezi kumcheka kijana kwa kitu tunachokitamani sisi wenyewe. Tulimwambia hivi: "Mwanangu, hatusemi kwamba Mungu hakukusikia usiku ule. Mtu akilia peke yake chumbani mjini, Mungu humsikia. Lakini joto la moyo haliwezi kukuambia kama farasi walikuwako Amerika. Hilo waulize wanaochimba."

Hapa tukamwonyesha jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote, nalo halimo katika Kitabu cha Mormoni bali katika kitabu chao kingine. Mwaka 1835, katika mji wa Kirtland jimbo la Ohio, alifika mtu aitwaye Michael Chandler akiwa na maiti za Misri zilizokaushwa, pamoja na hati za mafunjo. Smith na wenzake wakazinunua kwa dola 2,400. Akatangaza kwamba hati moja ina maandiko ya Ibrahimu mwenyewe, na mwaka 1842 akachapisha tafsiri yake gazetini, pamoja na picha zilizonakiliwa kutoka humo. Siku zile ni wachache mno duniani walioweza kumpima. Mfaransa Champollion alikuwa ameanza kuyafumbua maandishi ya Misri mwaka 1822, na elimu hiyo ilikuwa bado haijaenea Amerika. Kitabu hicho cha Ibrahimu kiko katika maandiko yao matakatifu hata leo.

Smith aliuawa na kundi la watu wenye ghasia gerezani Carthage, Illinois, mwaka 1844. Hati zikauzwa, nyingine zikaingia jumba la makumbusho la Chicago, na mji ule ulipoungua mwaka 1871 watu wakaamini zote zimeteketea. Lakini mwaka 1966 profesa Aziz Atiya, Mkristo wa Kanisa la Kikopti aliyezaliwa Misri, alikuwa akifanya utafiti katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, akaviona vipande. Mojawapo kilikuwa na picha ile ile iliyochapishwa mwaka 1842. Mwaka 1967 wakapewa Wamormoni. Mbele ya macho yetu hapa ni jambo la nadra sana: mtu aliyedai kufasiri, na maandishi aliyokuwa nayo, yote mawili mezani, na wasomaji wa lugha hiyo wapo.

Wakasoma, Wamormoni na wasio Wamormoni. Jina la Ibrahimu halimo. Ni hati ya mazishi ya kuhani mmoja wa Thebe aitwaye Hor, ya kumsaidia marehemu apate pumzi katika ulimwengu wa wafu, kama desturi yao ilivyokuwa. Na iliandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati ambao Ibrahimu huhesabiwa kuishi. Kanisa lao lenyewe limekubali hadharani, katika maelezo liliyotoa mwaka 2014, kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na Kitabu cha Ibrahimu. Wengine wao husema sehemu yenye habari za Ibrahimu ndiyo iliyopotea. Wengine, kwamba mafunjo yalikuwa chanzo tu cha kumfungua Smith apokee ufunuo. Tumewatajia majibu hayo kwa kuwa ni haki yao. Sisi hayatutoshi.

Kijana akatazama nje dirishani kwa muda. Kisha akakumbuka sharti letu. "Basi leteni mafunjo yenu."

Tukaenda kuyaleta, yaani picha yake iliyo katika kitabu chetu cha chuoni. Kule Manchester, Uingereza, kuna kipande cha mafunjo kisichojaza kiganja cha mtu mzima. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920, na mwaka 1935 kikatangazwa kwamba ni cha Injili ya Yohana, sura ya 18, na wataalamu wengi hukiweka katika karne ya pili. Upande mmoja Wayahudi wanasema na Pilato, upande wa pili Bwana anamjibu Pilato habari ya kweli. Ajuaye Kiyunani, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini, atasoma maneno yale yale tusomayo sisi Ijumaa Kuu. Na mwaka 1961 kule Kaisaria lilipatikana jiwe lenye jina la Pilato huyo na cheo chake.

"Kwa hiyo Yesu alifufuka?" kijana akauliza. La, hatukusema hivyo. Kipande kile chaonyesha tu kwamba hatukubuni juzi. Hati za kwanza kabisa zilizoandikwa na mitume hatunazo hata moja, tunazo nakala tu. Nakala mbili za kale mno za Injili ya Marko, za karne ya nne, zaishia mstari wa 8 wa sura ya 16, na Biblia nyingi za leo hutia alama mahali pale. Hesabu ya watu ya Kirenio katika Luka 2 bado yawasumbua wasomi wetu, na kuta za Yeriko vilevile. Mizigo hiyo tumeibeba siku nyingi. Ila hatujawahi kulazimika kusema kwamba Yerusalemu haukuwako, au kwamba hakuna ajuaye Kiyunani cha Injili.

Jambo moja zaidi, nasi twalisema kwa aibu. Katika Kitabu cha Ibrahimu mna maneno juu ya ukoo wa Farao, uzao wa Hamu, kwamba hawakuwa na haki ya ukuhani. Maneno hayo yalitumiwa kuutetea mwiko uliotangazwa mwaka 1852, kwamba mtu mweusi asipewe ukuhani katika kanisa hilo. Mwiko ukaondolewa mwezi wa Juni 1978, na baadaye wakazikataa sababu walizokuwa wakizitoa. Tulitaka kumwambia kijana: tazama kitabu hiki kilivyokuhesabu wewe na baba yako! Maneno yalikuwa yamefika ulimini. Lakini kipimo ni kilekile. Shirika la kueneza Injili la Kanisa letu la Uingereza lilirithi shamba la Codrington kule Barbados mwaka 1710, likamiliki watumwa Waafrika, na watumwa wakachomwa vifuani kwa chuma cha moto alama ya jina la Shirika. Laana ya Nuhu juu ya Kanaani ilihubiriwa na watu waliokuwa na Biblia hii hii yetu. Kanisa la Uingereza liliomba msamaha mwaka 2006. Tulimweleza yote mawili. Hakuwa amesikia hata moja.

Saa tisa ilipofika alisimama, akashukuru, akasema atakwenda kufikiri. Hajaturudia. Twasikia bado huenda ibadani kwao kila Jumapili, na wamempa darasa la watoto afundishe.

Mama naye tulimjibu. Tulimwambia kwamba kwa kadiri tulivyochunguza, kitabu kile hakisimulii mambo yaliyotokea, na kitabu cha Ibrahimu hakikutoka katika mafunjo yale. Tulimwambia pia kwamba swali lake la pili, la mlango, halitegemei jibu la swali la kwanza. Alinyamaza, akaenda zake, nasi hatukujua kama ameridhika.

Pasaka kijana alikuja tena nyumbani. Tulipita kuwasalimu jioni ile, bila kualikwa, kama wachungaji tulivyozoea. Jikoni palikuwa na sufuria mbili motoni, moja ya chai, na nyingine ndogo ya maziwa matupu yenye tangawizi. Mama hakueleza neno. Alimpa kila mtu kikombe chake, akamwambia mwanawe aombee chakula.

Muda wetu umekwisha. Bwana awe nanyi.